Nletee, Bibie

Siku ile mpumbavu alikuwa Usi, na mwenyewe halikatai. Ukimkuta kibarazani kwake Uroa atakusimulia bila ya kuficha kitu, ila atataka ukae kwanza, kwa sababu watu wa kukaa naye ni wachache. Nyuma ya mlango wake siku hizi pana ufagio tu.

Mkewe, Bi Tabia, alifariki mwaka wa tatu huu. Tangu hapo mzee anapika sufuria la watu wanne, anakula la mtu mmoja, kuku wanamalizia. Huisalimu redio, na redio haiitikii. Kilichokuwa kikimchangamsha ni likizo za skuli, mwanawe Suhaib anapomleta Ilham, mjukuu wa miaka sita, kutoka Malindi mjini, akalala wiki mbili na maswali yake.

Safari hii mama wa mtoto, Nassra, alikaza. Ilham halali tena kwenye nyumba yenye bunduki nyuma ya mlango. Usi ni msasi wa zamani, bunduki yake ina kibali, na tangu ujanani huiegemeza papo hapo akitoka msakoni. Nassra alitaka ifungiwe sandukuni kwa kufuli, risasi zikae mbali nayo, na mtoto asijue ufunguo ulipo. Usi akacheka. Alisema kufuli ni la watu wasiojua kufunza. Lake yeye atalitia kichwani mwa Ilham.

Akamfunza kwa simu, kila baada ya Magharibi. Ukiiona bunduki, usiiguse. Toka. Mwambie mtu mkubwa. Mtoto alilishika somo siku ya kwanza, lakini babu aliliendeleza mwezi mzima, maana simu ikishakatwa hambakii mtu wa kuzungumza naye isipokuwa kuku.

Ijumaa moja wakaja wote watatu, na mkoba wa nguo za Ilham. Makubaliano yalikuwa hivi: akifaulu mtihani, analala, akishindwa, wanarudi naye mjini.

Baada ya chakula Usi aliifungua bunduki, akahakikisha mara mbili kwamba haina kitu, akailaza kitandani. Akawakalisha mwanawe na mkwewe kibarazani, akampa kila mmoja kahawa, kisha akamtuma Ilham chumbani akamletee kofia.

Mtoto aliingia. Akatoka mikono iko mgongoni, kofia hana.

"Babu, bunduki ipo kitandani. Sijaigusa."

Usi alimgeukia Nassra amchokoze kidogo, akamuuliza kama huko mjini kuna mwalimu wa namna hii au wote wameshastaafu. Na huku anamcheka mkwewe, mdomo ukaenda wenyewe, kama uendavyo kila Ilham anapomwambia miwani yake iko mahali fulani, au bakora yake imeanguka.

"Haya, nletee, bibie."

Katika nyumba ile mtoto akitumwa na mkubwa hangoji kuambiwa mara ya pili. Hilo nalo alimfunza yeye. Ilham akageuka, akaingia, akatoka akiiburura bunduki kwa mikono miwili, kitako kinakwaruza sakafu na mdomo wa mtutu umemwelekea kidevuni.

Suhaib alikwishampokonya kabla vikombe havijamaliza kubingirika.

Usi akasema haina risasi. Akasema tena. Nassra alikuwa anarudisha nguo za Ilham mkobani, gauni moja moja, bila ya haraka. Hapo ndipo mzee alipoanza kujitetea kweli kweli. Somo lilikuwa zuri, alisema, ila mtoto kasahau, na watoto ndivyo walivyo. Apewe wiki moja tu, akae naye, amkaririshe vizuri. Asiondolewe leo. Nassra akafunga zipu. Usi, hana tena wa kumwelekea, akamgeukia mwanafunzi mwenyewe, ambaye alikuwa ameketi kizingitini anafunga viatu.

"Bibie, mimi nlikufunza nini? Si nlikwambia ukiiona, utoke?"

Ilham akamtazama kama mtu anayemwonea huruma.

"Nlitoka, babu. Wewe ndo ulonirudisha."