Rula ya Don Epigmenio

Don Epigmenio ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kuuchora mji wa Pátzcuaro ukatoka umenyooka. Mji wenyewe haujanyooka. Mitaa inapanda na kushuka, mapaa ya vigae yamebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, na kuta za udongo zimekaa zilivyopenda kukaa tangu enzi za mababu. Lakini fungua kitabu chake cha michoro: kila mlango umesimama wima kama askari wa gwaride, na kila paa limelala sawasawa kama meza ya ofisini.

Alifanya kazi ofisi ya ardhi, akichora ramani za viwanja, tangu alipoota ndevu mpaka ndevu zikawa nyeupe. Rula ya kule bado anatembea nayo kwenye mfuko wa ndani wa koti, pale wazee wenzake wanapoweka miwani.

Kundi letu la wachoraji hukutana Jumapili asubuhi. Mwalimu Brígida, aliyelianzisha, ana sheria mbili tu: uchore ukiwa umekaa mbele ya kitu chenyewe, na usitumie rula. Sheria ya kwanza Don Epigmenio huifuata vizuri sana. Kwa ile ya pili, hutugeuzia mgongo, akaichomoa rula, akapiga mstari, akairudisha mfukoni, halafu akakohoa ili tusisikie karatasi. Kikohozi hicho tunakijua sote.

"Don Epigmenio, kifua hicho!" humwambia Lázaro kinyozi. "Umekohoa asubuhi nzima na kanisa bado halijafika kwenye mnara."

"Vumbi," hujibu yeye.

Watu hachori kabisa. Muuza maua akikaa mbele ya mlango anaouchora, yeye humruka, akamalizia mlango kana kwamba mwanamke yule ni hewa. Ukimuuliza, atakwambia watu hawana mstari ulionyooka hata mmoja.

Mimi nilialikwa kundini kwa sababu walipopita walinikuta nimeshakaa. Nauza uji na korunda, yale madonge ya unga wa mahindi yanayofungwa kwa jani na kuchemshwa, chini ya upenu wa nyumba ya Don Epigmenio mwenyewe. Kati ya mteja na mteja kuna nafasi kubwa ya kutazama. Shule niliishia darasa la sita, lakini penseli haikuniuliza.

Sasa, nyumba hiyo. Ni kama zote za mtaa wetu, nyeupe juu na nyekundu iliyokolea chini. Tofauti yake ni kwamba ukuta wa mbele ulikuwa umeanza kuchungulia barabarani. Ulianza kidogokidogo, kama mtu anayetega sikio kwa jirani. Kila mtu aliuona, isipokuwa mwenyewe.

Na nyuma ya ukuta huo ndipo kilipokuwa kitanda chake yeye na mkewe.

"Yunuén, mwanangu," aliniambia mkewe asubuhi moja, huku akichovya mkate kwenye uji wangu. Doña Cuca ni mama yangu wa ubatizo, kwa hiyo uji wangu ni wake. "Unajua nani analala upande wa ukuta?"

"Wewe, mama."

"Mimi. Yeye analala upande wa mlango. Mvua zikianza, ukuta ule utalainika kama mkate huu, utaiachia mihimili ya paa, udongo wa juu utanilalia mimi, na yeye ataamka aulize kahawa iko wapi."

Alicheka, lakini mkate hakuumaliza.

Alitaka mambo mawili. Kitanda kihamie chumba cha nyuma, na fundi Serapio aje aegemeze magogo kabla mvua hazijaanza. Don Epigmenio alikataa yote mawili, tena kwa ushahidi. Alibeba vitabu vyake vya michoro, akavifungua mezani kimoja baada ya kingine, nami nilikuwa mlangoni na birika la uji nikasikia kila neno.

"Tazama mwenyewe. Huu nilichora mwaka alioolewa binti yetu. Umenyooka. Huu, mwaka jana. Umenyooka. Huu wa juzi, wino haujakauka vizuri. Umenyooka! Ukuta unaotaka kuanguka ungeonekana kwenye mchoro, mke wangu."

"Mzee wangu, uliyoichora hapo ni rula yako."

"Rula haina ugomvi na mtu."

Lázaro naye alijaribu. Alikuja na kamba aliyoifunga jiwe, akapanda kwenye kigoda changu na kuining'iniza kutoka kwenye upenu. Juu kamba iligusana na ukuta, chini palikuwa na nafasi ya paka mnene kupita. Don Epigmenio aliitazama kwa huruma.

"Inapeperuka," akasema. "Kuna upepo."

Upepo haukuwepo. Hata moshi wa jiko langu ulikuwa umepanda juu bila kutikisika.

Kila alasiri mawingu yalianza kurundikana upande wa ziwa. Yalikuwa hayajanyesha bado, yanatuangalia tu. Doña Cuca alihamishia mto wake miguuni mwa kitanda, ambako ukuta haukuwa umepinda sana, akawa analala kinyume na mumewe. Nilipomuuliza ataweza hivyo mpaka lini, akanijibu kwamba miguu ya mumewe nayo ni adhabu, ila haitamuua.

Halafu akajaza sahani ya korunda, akatupa shali begani, akapanda kwa Mwalimu Brígida. Kundi likatangaziwa kwamba Jumapili iliyofuata tutachora mtaa wetu, na hasa nyumba ya Don Epigmenio, ambayo, alisema Mwalimu bila kutabasamu, ina mlango mzuri.

Mzee alifurahi kama bwana harusi. Alipaka upya ule mkanda mwekundu wa chini, akaosha kizingiti, akavaa kofia ya sikukuu. Akazunguka akituonyesha pa kukaa. Wengine walikaa mkabala na nyumba. Lázaro alikaa kwenye kona ya mwoka mikate, Mwalimu juu kwenye ngazi za kanisa dogo. Mimi nilihamisha jiko langu upande wa pili wa barabara, nikaona kwa mara ya kwanza, kutoka mkabala, kitu nilichokuwa nakiegemea kila siku. Nikalisogeza jiko hatua mbili zaidi.

Mchoraji akipima kitu hunyoosha mkono mbele, akasimamisha penseli wima, akafumba jicho moja. Mtaa mzima ukawa na watu wamenyoosha mikono na kufumba jicho moja. Mama mmoja akapita na kapu la mkate kichwani.

"Jamani, mnapima jeneza la nani?"

"La mke wangu, ukimsikiliza yeye!" akajibu Don Epigmenio kwa furaha, kisha akatugeuzia mgongo, akakohoa.

Doña Cuca, ambaye hakuwa amechora tangu azaliwe, alikuja kukaa karibu nami. Aliokota kipande cha mkaa jikoni kwangu, akakunjua karatasi ya kufungia mikate, akajifunika na shali yake mpaka kichwani. Nilichosikia ni mkaa unakwaruza na yeye anacheka peke yake.

Kengele za mchana zilipolia, tulifanya kama tunavyofanya kila Jumapili. Kila mtu huweka kitabu chake chini barabarani, kimefunguliwa, kimoja ubavuni mwa kingine, halafu sote tunapita taratibu tukitazama bila kusema neno. Maneno ni baadaye.

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa ukimya ule kuwa mgumu kuushika. Kwa sababu ulikuwa mlango uleule katika kila kitabu, na kila mlango ulikuwa unaanguka barabarani. Wa rangi za maji unaanguka. Wa wino unaanguka. Wa Lázaro, ambaye akichora kanisa linatoka kama kuku, hata kuku huyo alikuwa ameinama kuelekea barabarani. Wangu pia. Na katikati yao, kama mgeni aliyekosea sherehe, mlango wa Don Epigmenio, wima.

Alipita mikono ikiwa nyuma. Akarudi. Akapita tena.

"Mmekaa kwenye mteremko," akasema. "Mtu akikaa ameinama, huona dunia imeinama."

"Na wewe ulikaa wapi?" akauliza Lázaro.

"Hapohapo. Lakini mimi najirekebisha."

"Kwa kikohozi!"

Watu wakacheka mpaka mbwa wa mwoka mikate akaamka. Don Epigmenio hakucheka.

"Basi mmeigana."

"Lázaro alikuwa kule kwenye kona," akasema Mwalimu Brígida, "na mimi nilikuwa huku juu."

"Mmeigana kwa mbali."

Mwalimu akamkabidhi penseli yake. "Nyoosha mkono, Don Epigmenio. Fumba jicho. Tuambie unachokiona, siyo unachokijua."

Akanyoosha mkono. Akafumba jicho. Niliona shavu lake limecheza, nikajua ameona. Akashusha mkono na kumrudishia Mwalimu penseli yake kwa adabu.

"Imepinda hii," akasema.

Ndipo Doña Cuca akainuka, akaweka karatasi yake ya mikate mwisho wa mstari, akaiwekea kijiwe isipeperuke. Sote tukainama.

Alikuwa amechora kitanda. Juu ya kitanda umelala ukuta mzima, na dirisha lake. Chini ya ukuta imetokeza miguu miwili, na vidole vyote vimehesabika. Na pembeni, kwenye kigoda, amekaa mzee mwenye kofia ya sikukuu na rula mkononi, anauchora ukuta uliosimama.

Lázaro alijiziba mdomo kwa mkono. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kucheka. Tukamtazama Don Epigmenio.

"Miguu hiyo siyo yako," akasema mwishowe. "Yako ni minene."

Kicheko kikapasuka mtaa mzima, na Doña Cuca alicheka kuliko wote, akijifuta machozi kwa ncha ya shali. Lakini mimi nilikuwa karibu. Mzee hakuwa anamtazama yule mtu mwenye rula. Macho yake yalikuwa kwenye miguu. Akainama kwa shida, akaondoa kijiwe, akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa ndani, ilipo rula.

"Mzee wangu, kitabu hakiondolewi kabla watu hawajamaliza kutazama," akasema Doña Cuca. "Ni desturi yenu."

"Mimi nimemaliza."

Mchana huohuo nilisikia kitu kizito kinaburutwa ndani. Kitanda. Nilipochungulia, alikuwa anakisukuma peke yake kuelekea chumba cha nyuma, jasho linamtoka, kofia bado ipo kichwani.

"Chumba cha mbele kina kelele," akaniambia. "Wauza uji hawa hawaachi mtu alale."

Kesho yake fundi Serapio akaja na magogo, akaegemeza ukuta, Don Epigmenio akisimama nyuma yake akimwelekeza pembe ya kila gogo. Mvua ya kwanza ilipiga usiku wa pili. Asubuhi tulikuta pande la udongo, pana kama sinia, limedondoka ndani kutoka juu ya ukuta, pale kilipokuwa kitanda, upande usio wa mlango. Doña Cuca aliangalia uso wa mumewe, akaenda kumwekea kahawa. Don Epigmenio alichukua ufagio, akafagia mwenyewe, akatoka kwenda kutafuta matofali.

Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika. Aliweka kigoda chake mkabala na nyumba na kuanza kuchora, na hatukusikia kikohozi hata kimoja. Alipoweka kitabu chini tulisogea wote. Ukuta ulikuwa umeinama hivi kwamba ungedhani unaokota kitu barabarani.

"Mungu wangu," akasema Mwalimu. "Haujainama kiasi hicho."

"Nyinyi mliogopa," akajibu. "Mliuinamisha kiwogawoga. Nionyesheni ukuta mwingine mji huu ulioinama kama wangu! Hakuna!" Na tangu siku hiyo kila mgeni anayepita hushikwa mkono akaonyeshwa.

Lakini Doña Cuca hakuwa anatazama ukuta. Pembeni mwa mchoro, upande wetu wa barabara, mbali na nyumba, alikuwepo mwanamke amekaa kando ya jiko la uji, na shali yake. Mtu wa kwanza kitabu kile kuwahi kumbeba.

"Mzee wangu," akasema. "Miguu gani hiyo?"

"Nimechora ninachokiona."

"Mpaka iwe minene hivi?"

"Kaa palepale. Sijamaliza vidole."

Doña Cuca alinyoosha mkono, akamtolea rula mfukoni, akamchapa nayo begani, pigo la mapenzi. Kisha akarudi kwenye kigoda kando ya jiko langu, akaitandaza shali juu ya magoti, akanyoosha miguu mbele ionekane vizuri. Rula aliikalia.