Nafasi ya Gita la Kirit

Bendi ya Wana Menengai haikuvunjika kwa ugomvi. Mwaka wa 1968 Kirit, mpiga gita wao, alihamia Uingereza na wazazi wake, kama walivyohama majirani wengi wa mtaa wao wa maduka mjini Nakuru. Katika stesheni ya gari moshi, Ngigi, mwimbaji wa bendi, alikusudia kumwambia kwamba nafasi yake haitapewa mtu. Lakini jamaa walikuwa wamemzunguka Kirit, wakimlilia na kumlisha, na gari likaondoka kabla Ngigi hajamfikia.

Ngigi akaacha kuimba, akauza mbegu katika soko la Bahati. Jioni alijifungia chumbani na kuimba "Njia ya Solai", wimbo walioutunga pamoja. Kila mwisho wa ubeti alinyamaza, mahali ambapo gita la Kirit lilikuwa likimjibu.

Siku moja Mburu, mpiga ngoma, alimkuta hivyo.

"Unamngoja nani, bwana? Mwenzio sasa anakula theluji."

Ngigi akaanza ubeti mwingine.

"Basi twende tukaurekodi, wewe na kimya chako."

Wakaenda Nairobi na mpiga besi wa kukodi. Naftaly, fundi wa mitambo studioni, aliusimamisha utepe.

"Mwishoni mwa ubeti pana shimo. Nimwite mpiga gita alizibe?"

"Pana mwenyewe," alisema Ngigi.

"Yuko wapi?"

"Leicester."

"Basi tutamaliza mwaka ujao," alisema Mburu.

Ngigi hakukubali nafasi ile ijazwe. Santuri ikatoka mwaka wa 1974 vivyo hivyo: sauti inauliza, gita halijibu, ngoma inatembea peke yake. Ikavuma kuliko zote walizowahi kutoa. Wasikilizaji waliiomba katika vipindi vya salamu vya redio, na madereva wa malori waliipiga hotelini Mai Mahiu. Katika kumbi za dansi, kimya kile kilipofika watu walisimama, kisha wakapiga miluzi. Walidhani ni mtindo mpya wa roki. Wana Menengai wakaalikwa kila mahali. Ngigi aliinama kila miluzi ilipoanza, kwa maana ilikuwa ikikalia kiti cha Kirit.

Alimpelekea santuri moja Champa, shangazi yake Kirit, aliyebaki kutunza duka la vitambaa.

"Mtumie, Mama. Akiisikiliza ataelewa."

Miezi ikapita. Hatimaye Champa akamwita kutoka mlangoni pa duka.

"Kirit amejibu. Amefurahi sana, anasema bado unaimba kama zamani. Lakini santuri iliharibika njiani."

"Imeharibikaje?"

"Kuna mahali gita halisikiki kabisa. Anaomba umtumie nyingine, apate kumsikia huyo mpigaji wenu mpya."

Ngigi alisimama kati ya majora ya vitambaa. Champa alimsogezea kigoda, lakini hakukaa.

"Nimjibu nini, mwanangu?"

"Usimjibu bado."

Akaenda kununua santuri nyingine. Aliporudi, waliipiga kwenye gramafoni ya duka tangu mwanzo hadi mwisho, naye akasikiliza kila kimya kwa makini. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Hii ni nzima?" aliuliza Champa, ambaye hakuwa hodari wa mambo ya muziki.

"Ni nzima, Mama. Mwambie ndivyo ilivyo."

Champa akakata kipande cha marekani, akaanza kuishona santuri ndani yake kwa safari. Ngigi akamshikia uzi.