Miwa ya Jerusha

Nimekata miwa kuanzia Busia mpaka ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, na sijaona mtu aliyependwa na kuchukiwa kwa mpigo mmoja kama Jacktone Onditi. Tulipokutana hapa Uriri alikuwa mkataji kama mimi. Tulilala kibanda kimoja. Alinishinda kitu kimoja tu, mdomo.

Mgomo wa kwanza ndio uliompandisha. Muwa mbichi husubiri, lakini ukishachomwa ili majani yatoke, hausubiri mtu. Siku ya tatu unaanza kuchacha, ya tano mizani inaukataa. Jacktone akangoja kiwanda kichome mashamba yake chenyewe, moto ulipozima akatuambia tukae chini. Siku ya tatu tuliletewa gambuti na glavu, na watoto wetu wakaanza kutibiwa kwenye zahanati ya kampuni. Tukamchagua MCA, mjumbe wetu kwenye bunge la kaunti, tena mara mbili.

Hakutosheka na miwa. Akaingia nyumbani kwa watu. Alisema mjane asirithiwe na shemeji kama hataki, na wazee wakasema huyu ametumwa kuvunja boma. Jerusha, mjane wa hapa hapa Uriri, alimkataa shemeji yake Boaz. Boaz akataka shamba. Jacktone alisimama na Jerusha kwa chifu mpaka Boaz akachoka.

"Sawa," Boaz akasema akiondoka. "Mheshimiwa amekuoa. Atakulimia pia."

Ila chifu aliweka sharti: Jerusha alime mwenyewe, afikishe mavuno ya kwanza kiwandani. Akishindwa, shamba lirudi mikononi mwa ukoo. Akapanda miwa, akaingoja karibu miaka miwili.

Mwaka jana kiwanda kikasema kinaleta mashine ya kukatia. Jacktone, ambaye bado ndiye aliyeongoza chama chetu cha wakataji, akaitisha mgomo. Kila mkataji alileta panga lake kwenye stoo ya chama, yakafungiwa humo ili asiwepo wa kutoroka kwenda kukata kwa siri. Ufunguo ukakaa kwenye mfuko wa shati lake. Lakini safari hii kiwanda kilikuwa kijanja, hakikuchoma chochote. Jacktone akanipigia simu.

"Machuki, ile bloku ya miwa yenye kibao cha kampuni, karibu na mto. Ipe moto."

Mimi nilikuwa nimetoka tu kuzurura, karibu miaka miwili sijakanyaga Uriri. Yeye kwa miaka sita alikuwa akipita mashambani ndani ya gari la vioo vyeusi. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba kiwanda kilikuwa kimewarudishia wenyewe mashamba kiliyokodi, na kibao kikaachwa kwa sababu miguu yake ilikuwa ndani ya simiti. Wala sikuuliza mtu, kwa sababu moto wa namna hiyo hauulizwi. Nilichoma alfajiri. Nilichoma vizuri, nikianzia upande unakoelekea upepo.

Saa tatu Jerusha akaingia ofisi ya chama, miguu myeusi kwa majivu mpaka magotini.

"Nani amechoma miwa yangu?"

"Ni mimi, mama," nikasema.

Aliniangalia. "Machuki. Si ulikula kwangu Jumapili?"

Akamgeukia Jacktone. "Mheshimiwa, nipe watu ishirini. Siku moja tu."

"Nyar Karungu," Jacktone akamwita kwa jina la kwao alikozaliwa, "keti kwanza."

"Nikiketi inachacha."

"Nisikilize. Nikikufungulia stoo leo, kesho kiwanda kitamchomea mjane mwingine, kimlete alie hapa. Kesho kutwa hakuna mgomo."

"Mimi sikuchomewa na kiwanda."

Willis, mkataji wa siku nyingi, akakohoa. "Mheshimiwa, hata Mungu alifanya kazi siku sita akapumzika moja. Sisi tumepumzika mbili. Tumfanyie mama moja."

Watu wakacheka. Jacktone hakucheka.

"Mungu hakuwa akigombana na kiwanda," akasema. "Tukishinda, chama kitakufidia."

"Boaz hangoji mshinde," Jerusha akasema, akatoka.

Ile kufuli ya stoo ilikuwa ya bei rahisi. Ningeivunja kwa jiwe. Nilikaa mita mbili tu kutoka kwayo siku mbili nzima na sikuigusa, kwa sababu niliamini Jacktone anaona mbali. Siku ya tatu baada ya moto ndipo nikachukua kisu cha jikoni kwa mama muuza chai, nikaenda shambani. Jerusha alikuwa huko peke yake na panga la kufyekea nyasi. Hakunisalimia, hakunifukuza. Tulikata mpaka mikono ikavuja. Watu wawili, ekari tatu.

Siku ya tano akapata trekta ya jirani, ikapeleka tulichoweza kukata. Karani wa mizani alivunja muwa mmoja, akaunusa, akatikisa kichwa.

Siku ya sita mashine ikaja na polisi mbele yake. Stoo ikafunguliwa, kila mtu akachukua panga lake. Wachache walirudishwa kazini, wengine tukaambiwa tutaitwa. Chama kikamtoa Jacktone uongozini kabla wiki haijaisha. Waliompigia kura ya kumtoa ni wale wale waliowahi kumbeba mabegani.

Boaz alikuja na chifu Jumamosi.

"Mavuno yako wapi?" chifu akauliza, na kusema kweli hakuuliza kwa furaha.

Jerusha akamwonyesha lundo lililorudishwa na mizani, nzi wamejaa. Akaambiwa kuna njia mbili: atoke, au abaki kama mke wa ukoo. Ana watoto wanne. Nilikuwepo. Alisema neno moja kwa sauti ndogo, na Boaz akaenda kufunga ng'ombe wake kwenye uzio wa Jerusha.

Jacktone nilimkuta kwenye mji mdogo wa Rodi Kopany mwezi wa tatu, anakunywa chai hotelini, shati limepigwa pasi vizuri. Siku hizi anakaa Homa Bay. Akaninunulia chapati.

"Jerusha anaendeleaje?"

"Yuko na Boaz."

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka kitambo. "Alilazimishwa?"

"Aliulizwa mbele ya chifu. Akakubali."

"Kwa hiyo alikubali mwenyewe," akasema. "Mwenyewe, bila kulazimishwa. Hilo ndilo nililokuwa nikipigania, Machuki."

Alinikazia macho, akingoja niseme ndiyo. Nikamaliza chapati, nikamshukuru, nikatoka.