Pini ya Upande wa Mama Mkwe

Gervas Mwita alimheshimu mama mkwe wake kiasi kwamba, tangu Bi Benadetha ashuke ndege mwezi wa Novemba, hakuwahi kumwona uso mzima. Kwao Tarime, katika ukoo wao, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, na kitu cha kupeana huwekwa chini ili mwingine akiokote. Desturi hiyo ilitungwa na watu wenye maboma mapana. Hawakuijua nyumba ya kupanga ya Oxon Hill, huko Marekani, yenye korido moja na choo kimoja. Gervas alikohoa kila kona kama mgonjwa wa kifua, na Bi Benadetha akisikia kikohozi alivuta kanga usoni na kupotelea jikoni. Waliishi hivyo kwa amani, wakisalimiana kupitia ukuta.

Aliyewakutanisha ni Domina, mke wa mmoja na binti wa mwingine. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na siku zilikuwa zimetimia. Ijumaa moja kabla ya Krismasi, mwaka 2009, televisheni ikaanza kutangaza theluji kubwa. Watu wakavamia maduka kununua mkate na maziwa kana kwamba vita imetangazwa. Gervas hakuwaza mkate. Aliwaza njia ya kutoka kwake hadi barabarani, ndefu na yenye mteremko. Gari halikuruhusiwa kulala barabarani theluji ikianguka, na njia ikizibwa, Domina akishikwa na uchungu atatokaje? Wazo hilo lilimkosesha raha tangu asubuhi.

Dawa ilikuwa gereji. Bi Lorraine, mwenye nyumba, alipohamia Florida kwa binti yake aliacha trekta dogo la kukatia majani, pamoja na bamba la chuma la kusukumia theluji, limeegemezwa ukutani. Trekta Gervas alilijua, alikata nalo majani kiangazi chote. Bamba hakuwahi kuligusa. Akampigia simu Ndirangu, rafiki yake Mkenya wa Hyattsville, ambaye kila baridi alifanya kibarua cha kusafisha njia za watu.

"Hiyo blade usijaribu kuifit pekee yako, buda," Ndirangu akasema. "Ni nzito, na mashimo ya pini lazima yameet pande zote mbili. Tafuta mtu akushikie."

"Njoo basi wewe."

"Niko job mpaka jioni. Kwani kwa nyumba hakuna mtu?"

Mtu alikuwepo. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Gervas akaanza peke yake. Alifungua sinia la visu vya kukatia majani chini ya tumbo la trekta akalivuta pembeni. Akasugua bamba kwa msasa hadi kutu ikatoka, akalipaka nta ya mshumaa ili theluji isigande, akatia grisi kwenye maungio. Mpaka hapo kazi ilimnyookea. Lakini kulipachika! Akipatia shimo la kushoto, la kulia linakimbia. Akilifuata la kulia, la kushoto linachomoka na bamba linaanguka kwa kishindo cha kuamsha mtaa.

Domina akatokea mlangoni, tumbo mbele. "Ngoja nikushikie upande mmoja."

"Daktari amekwambia usilift kitu!"

"Domina, toka hapo," ikasikika sauti nyuma yake. "Unataka kuzalia gereji? Mwambie mumeo aweke nyundo chini, arudi nyuma."

Bi Benadetha akaingia kiubavuubavu. Kanga ilimfunika kichwa na nusu ya uso, imebanwa kidevuni kwa pini kubwa ya nguo. Domina akaketi kwenye kiti awe mjumbe. "Mama anasema unyanyue." "Gervas anasema bado." Hakudumu. "Nyie wawili mtanimaliza," akasema, akaenda zake kulala.

Gervas akalitazama trekta, maana hapakuwa na mwingine wa kumtazama.

"Trekta," akasema, "bamba linanyanyuliwa sasa. Anayeshika pini ya kulia aisukume."

"Trekta limesikia," akajibu Bi Benadetha.

Wakafanya kazi hivyo, na ilikwenda vizuri kuliko Gervas alivyotarajia. Trekta liliambiwa lisubiri, likaambiwa lisogee, likapewa pole. Pini zote mbili zikaingia. Ikabaki klipu, kile kijiwaya kinachopita kwenye tundu la ncha ya pini kuizuia isichomoke. Gervas akafunga ya kwake. Ya upande wa pili akaiweka sakafuni, akarudi nyuma, mama mkwe akaiokota.

"Trekta, klipu imeingia?"

Hakujibiwa. Bi Benadetha alikuwa ameinama, na mama mkwe aliyeinama haongei na mkwe, wala mkwe hamtazami. Gervas aligeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Alisikia mlio mdogo, ta! akauhesabu kuwa ndio. Kuuliza si ujinga, lakini kumuuliza mama mkwe mara ya pili katika hali ile ulikuwa utovu wa adabu. Na kwenda kukagua alipokuwa ameshika yeye, ni kama kumwambia humwamini. Akazima taa ya gereji, akashukuru Mungu.

Kulipokucha theluji ilikuwa imefika magotini na bado inaanguka. Gervas akaliwasha trekta. Alipita kwanza bamba likiwa juu kidogo, akarudi kulishusha, na theluji ikajikunja pembeni kwa utiifu. Alifurahi waziwazi, akawa anaimba. Alikuwa amevuka nusu ya njia Domina alipofungua dirisha.

"Gervas! Imeanza. Nimeshapiga hospitali, wanasema twende tu polepole."

"Nakuja! Kipande hiki tu!"

Akaongeza mwendo. Hakufika mbali, upande wa kulia wa bamba ukaanguka. Akashuka. Pini ilikuwa imechomoka nusu, na klipu haipo. Akapiga magoti akachimbua theluji kwa mikono, akijua kabisa kuwa anatafuta sindano katika pamba. Akajaribu kulinyanyua bamba peke yake, likamshinda. Hapo Gervas akaogopa. Alitazama theluji iliyobaki, akatazama dirisha, na akajichukia kwa ajili ya ule ukuta alioutazama jana.

Bi Benadetha alikuwa ameona yote kutoka jikoni. Alikuja akipasua theluji, amevaa mabuti ya Gervas mwenyewe, jambo ambalo huko kwao lingeitishiwa kikao. Mkononi alikuwa na mtaimbo na nyundo. Akauelekeza mtaimbo kwa mkwe wake, uso kando, halafu kwa mazoea akaviweka vyote chini. Mtaimbo ulibaki ncha tu. Nyundo ikamezwa, isionekane tena.

Wakatazama shimo la nyundo, wote wawili.

Gervas akaushika mtaimbo, akauingiza chini ya bamba, akabana kwa bega. Bi Benadetha akaisukuma pini kwa viganja mpaka ikakaa. Tundu la klipu lilikuwa limeelekea upande wa Gervas. Mama mkwe akapeleka mkono kidevuni, akachomoa ile pini ya nguo, na kanga ikamwangukia mabegani. Akanyoosha mkono.

"Shika," akasema. Hakuliambia trekta. "Ikianguka hii hatuna nyingine. Jana niliona kama imeingia nusu, nikaona haya kukuita."

"Na mimi niliona haya kuangalia, mama."

"Basi leo angalia."

Gervas akaipokea kutoka vidoleni mwake, vya baridi kama bomba la nje. Akaipitisha tunduni, akaifunga, akainamisha kichwa chake karibu na cha mama mkwe, akaangalia. Akaivuta kujaribu. Akaivuta tena. Alipoinua macho aliuona uso mzima: ulikuwa uso wa Domina, umeongezewa miaka na mwanya.

Njia ikafunguka. Barabara kuu ilikuwa imeshapitiwa na magari ya kaunti ya kusukuma theluji, wakaenda polepole kama walivyoambiwa, mama na binti nyuma, Gervas kwenye usukani. Hakuna aliyekohoa.

Mtoto akazaliwa jioni, wa kike. Gervas alipoitwa chumbani, mazoea yakamrudia, akasimama mlangoni akakohoa. Bi Benadetha, mjukuu mikononi, akapeleka mkono kutafuta kanga, akakumbuka kuwa pini imebaki kwenye bamba. Akainama kumweka mtoto kitandani, ili baba yake aje amwokote hapo. Mtoto akagusa shuka. Bibi akasita, akamnyanyua tena.

"Trekta," akasema, "nyoosha mikono."

Gervas akainyoosha, kucha bado zina grisi, na mama mkwe akamkabidhi mwanawe mkono kwa mkono.