Mkalimani wa Mwanamke wa Kengele

Kwa heshima na taadhima, mimi Idefonsi, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, nilisimama mbele ya waumini wa kigango chetu huku Mbuba nikatangaza kwamba mtu aliyesoma hawezi kuogopa filamu. Filamu, niliwaeleza, ni mwanga na kivuli tu. Anayetaka kutetemeka aende akatetemekee nje.

Dakika kumi na moja baadaye mkono ulichomoza nyuma ya pazia kwenye televisheni, nami nikajikuta nimeketi mapajani mwa mzee Matiasi, mwenyekiti wa kigango.

“Shuka, profesa,” alisema mzee. “Goti langu ni bovu.”

Ilikuwa Jumamosi mchana, likizo ya mwaka 1995. Maulidi, mfanyabiashara wa Lusahunga, alikuwa ametuletea ukumbini jenereta, televisheni, deki na kanda alizopewa na madereva wa malori. Magari ya mashirika tulizoea kuyaona yakipita na vumbi lake kwenda kambini kwa wakimbizi. Gari lililosimama kwetu lilikuwa sikukuu. Na kwa kuwa filamu ilikuwa ya Kizungu, na aliyesomea Kizungu ni mimi, nilikabidhiwa fimbo ya kuonyeshea na kazi ya ukalimani. Kwetu Kizungu huhesabiwa kuwa lugha moja, nami sikuona sababu ya kuwasumbua wazee kwa maelezo zaidi.

Waliocheka kuliko wote niliposhuka mapajani mwa mzee walikuwa wasichana waliojiandaa kwa Komunyo ya kwanza, wakiongozwa na mdogo wangu Nice, mwenye umri wa miaka tisa. Nikaona haki itendeke. Alipotokea mwanamke mwenye gauni jeupe, akipiga kengele mlangoni, nikanyoosha fimbo.

“Anasema hivi: nawatafuta wasichana wenye magauni meupe. Kengele ikilia tu, nakuja kuwachukua.”

Kicheko kikakatika. Nikaridhika sana.

Kuridhika kwangu kulidumu mpaka jioni. Mama yetu, Clotilda, alikuwa amekata gauni lake la harusi, lile lililokaa sandukuni miaka yote, ili amshonee Nice gauni la Komunyo. Nice alipoliona aliingia chini ya kitanda.

“Sivai. Wakati wa mageuzo, padri akiinua hostia, kengele italia, na yule mwanamke atakuja.”

“Nani atakuja?” mama aliuliza.

“Muulize kaka Ide. Yeye ndiye aliyemsikia.”

Komunyo ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Katekista Speciosa alikuwa ameshasema: asiyekuja na gauni lake kwenye mazoezi ya Jumamosi atasubiri mwakani. Jumatatu Nice alikataa. Jumanne alikataa. Jumatano nilimkuta mama ameketi na lile gauni, analikunja, analikunjua, analikunja tena. Hapo ndipo nilipoacha kufurahia kazi yangu.

“Nice, nilikuwa natania,” nilimwambia.

“Unasema hivyo kwa sababu mama amekuvuta sikio.”

Ni kweli, sikio lilikuwa bado la moto.

“Umesoma Kizungu miaka mitatu,” aliendelea. “Ulimsikia alichosema. Usinidanganye.”

Dawa ilikuwa moja tu, kusema kweli. Lakini nilikuwa na heshima yangu kijijini, kwa hiyo nikatafuta dawa ya pili. Ijumaa Maulidi alirudi na kanda ya katuni kwa ajili ya watoto. Nice alikubali kuja kwa sharti la kukaa karibu na mlango.

Katuni ilihusu bata tarishi aliyepeleka barua kwa baiskeli. Ng'ombe akazila barua zake. Bata akateremka mlima kwa kasi, akapita katikati ya kamba ya nguo, akatoka upande wa pili amevaa shumizi. Mzee Matiasi alicheka hadi akakohoa. Katekista Speciosa alificha uso ndani ya kitenge. Nikaona wakati ndio huu.

“Bata anasema,” nilitangaza kwa sauti nzito, “yule mwanamke wa kengele amehama. Hawachukui tena wasichana!”

“Kaka Ide,” Nice aliuliza kutoka mlangoni, “mbona Nyandwi anacheka kabla hujatuambia?”

Watu wote wakageuka. Nyandwi alikuwa binti wa mwalimu Niyomugabo, mkimbizi kutoka Burundi aliyefundisha shule ya kambini. Wote wawili walikuwa wameketi nyuma.

“Bata anasema breki zimekatika,” alisema Nyandwi. “Ni Kifaransa.”

Nice hakunitazama. Alipita katikati ya watu mpaka kwa baba yake Nyandwi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, binti.”

“Yule mwanamke wa filamu ya juzi alisema nini?”

Maulidi alikuwa na ile kanda. Aliiweka, akaipeleka mbele. Milango yote ilikuwa wazi na jua liliingia mpaka kwenye viti. Mwanamke akatokea, akapiga kengele yake. Mwalimu akasikiliza, kisha akatabasamu.

“Anasema: wanangu, ingieni ndani mkale, chakula kinapoa. Ni bibi yao. Mtu mbaya ni huyu mwenye miwani, aliyesimama nyuma yake.”

“Huyu?” alishangaa Maulidi. “Si profesa alituambia ni daktari mwema?”

Nice alisimama akitazama televisheni, midomo wazi. Halafu akaanza kucheka, akacheka kweli, akamkimbilia mama.

“Mama, gauni liko wapi? Twende nikalijaribu!”

Mama alifumba macho na kushusha pumzi ndefu. Kisha akayafumbua, yakatua juu yangu.

“Idefonsi. Simama.”

Nilikuwa nimesimama tayari, nikasimama zaidi.

“Kifaransa sijui,” nilisema. “Hata neno moja. Maneno ya yule mwanamke niliyatunga kwa sababu mlinicheka. Nice, nisamehe. Na Kiingereza, mama, alama zangu za muhula huu hujaziona kwa sababu nimezificha.”

“Ngoja kwanza,” alisema mzee Matiasi. “Ule mfuko wa mbegu niliokuletea unisomee maelekezo, ukaniambia niziloweke siku tatu kwenye maziwa?”

“Hayo nayo nilitunga, mzee.”