Aliyehama Bila Kuaga

Kwa sheria, Bernadina alihama vizuri kabisa. Ili jina lake litoke kwenye leseni ya udalali wa ardhi ya ofisi ya zamani na kuingia kwenye ya kampuni mpya, alitakiwa kuwa na barua ya kuachiwa. Aliiomba kupitia kwa karani, mzee Tluway, mwenye ofisi, akasaini na kuiacha mezani. Ila Bernadina alingoja mzee asafiri kwenda Wasso ndipo akaenda kuichukua. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha kazi tangu akiwa msichana wa kushika kamba ya kupimia, naye Bernadina aliogopa kulia mbele yake. Kwao, mtu akimwacha mkubwa wake huenda nyumbani kwake, hukaa, hula, huaga. Yeye alichukua karatasi, basi.

Kampuni mpya ilimpa sare, mshahara wa mwezi na meza ya kioo. Mtu wa kugombana naye haikumpa. Chai alikunywa peke yake, yeye aliyezoea kunyang'anyana maandazi na Tluway. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kulipa kodi ya pango Karatu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa shamba la Yohani kule Rhotia. Mnunuzi alitoka Arusha, akitaka kujenga loji. Huko shamba haliuzwi mpaka majirani wasimame kwenye katani zilizopandwa kuonyesha mpaka na kila mmoja atamke kwamba mpaka ni huo. Walikuja wote, wakasimama. Bernadina akauliza, wakanyamaza.

"Mzee yuko wapi?" jirani mmoja aliuliza hatimaye.

"Nimehama, baba. Sasa niko kampuni nyingine."

"Ulimuaga?"

"Barua ninayo."

Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuuma. Walitazama chini tu, kama watu waliopita karibu na msiba. Mnunuzi akaanza kutazama saa. Bila sauti zao hakuna mauzo, na bila mauzo hata meza ya kioo angenyang'anywa. Bernadina akajitenga pembeni, akampigia Tluway.

Alikuja kwa bodaboda, koti limejaa vumbi jekundu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, nilitaka kuja nyumbani, ila..."

"Karatasi zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa."

"Basi twende."

Akaufuata mpaka wote kwa miguu, akiongea Kiiraqw na majirani, akiwatania wenye vitambi. Kila alipofika kwenye katani, mwenye upande huo alitamka. Halafu akamgeukia mnunuzi. "Huyu dada anaijua kazi. Msikilize," alisema, na hapakuwa na hata neno moja la uongo ndani yake. Bernadina alitamani mzee angemtukana.

Biashara ikaisha, chakula kikaiva. Hyasinta, mke wa Yohani, aliweka viti viwili vya sebuleni chini ya kivuli cha nyumba. Mnunuzi akakaa. Bernadina akapitiliza kwenda jikoni, maana miaka yote akija na Tluway alikuwa akipakua na akina mama, kisha anakula sinia moja na mzee na majirani.

Hyasinta akamshika mkono taratibu. "Kaa pale, dada. Mgeni haingii jikoni."

Akanawishwa wa kwanza. Akaletewa sahani yake peke yake, nyama nzuri juu, na kijiko. Kutoka nyuma ya nyumba alimsikia Tluway akisimulia kisa cha nyati aliyeingia kwenye shamba la ngano, na watu wakicheka kabla hajamaliza. Bernadina alikuwepo siku ile ya nyati. Mzee akafika mahali ambapo Bernadina alizoea kudakia maneno, akanyamaza kidogo, kisha akaendelea mwenyewe.

"Watu wa huku wakarimu sana," mnunuzi alisema, akitafuna.

"Sana," Bernadina alijibu. Akashika kijiko, akala chakula cha mgeni mpaka kikaisha, kwa sababu kukibakiza kungekuwa kosa la pili.