Chaki ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na katika nyumba yetu kuna kitu kimoja kisichoguswa: chaki yake ya nta ya kuchorea vitambaa. Anaiweka kwenye kopo la kahawa, anaitumia yeye tu, na mume wangu, mwanawe wa kumzaa, anasema aliwahi kuchapwa kwa kuigusa. Mimi nina mwaka wa nne tangu niolewe na sijawahi kuishika.

Damu yake, hata hivyo, alinipa bila kinyongo. Nafanya kazi kwenye maabara inayochunguza jinsi seli nyeupe zinavyovitambua vimelea vya malaria na kuvimeza. Nilipomweleza kwamba tunatafuta watu wazima walioumwa sana malaria utotoni na sasa haiwapati, alikunja mkono wa gauni kabla sijamaliza. "Chukua," aliniambia. "Miaka thelathini malaria inanikimbia. Nendeni mkaone inakimbia nini."

Tukachukua, tukatenga majimaji ya damu yake, tukayagandisha kwenye vichupa. Kazi yenyewe ni rahisi kuisimulia: unachanganya majimaji hayo na vimelea, unavimimina juu ya seli nyeupe, unasubiri, kisha unahesabu kwa darubini ni seli ngapi zimemeza. Seli nyeupe haina macho. Kimelea kikiipitia kikiwa kitupu, mara nyingi inakiacha kiende zake. Ni lazima kwanza kipakwe alama na vitu vilivyomo kwenye majimaji ya damu, ndipo inapokikamata.

Basi, miezi mitatu nilihesabu, na seli zangu zilikaa tu kama wageni walioambiwa chakula bado. Kimoja kimemezwa hapa, viwili kule. Kila nikirudi nyumbani Mama ananiuliza bila kuinua macho kwenye cherehani, "Damu yangu imeamka?" Nami najibu bado. Ilinikera, nasema kweli, kwa sababu wateja wake wote alikwisha kuwatangazia kuwa damu yake iko kazini. Mkuu wa maabara naye alinipa mpaka Ijumaa: nisipoonyesha kitu, vichupa vya Mama vinatupwa na mimi narudi kuosha vyombo. Kuosha vyombo ningevumilia. Lakini Mama ningemwambiaje kwamba damu yake tumeimwaga?

Alhamisi asubuhi niliamka na moyo mzito, nikaona walau nimsaidie mtu jambo moja. Mezani kulikuwa na kitambaa cha gauni la mteja, kimekunjamana vibaya. Nikakipiga pasi. Nilikipiga pande zote mbili, kikanyooka, nikajisifu kimoyomoyo.

Mama alitoka chumbani, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza upande wa pili. Nilijua nimekwisha.

"Mistari yangu iko wapi?"

"Mistari gani, Mama?"

"Jana nimechora mchana kutwa! Kifua, kiuno, mikono! Umenifutia chaki yote!"

"Sijafuta, Mama, nimepiga pasi tu."

"Ndiyo kufuta kwenyewe! Hii ni nta. Ikipata moto inayeyuka, inapotea. Sasa mkasi utapita wapi? Nikate kwa kuota?"

Mume wangu, mtu wa kupenda amani, aliinama chini ya kitanda kutafuta soksi ambazo alikuwa amezivaa.

Nami badala ya kuomba radhi nilibaki nimeduwaa na pasi mkononi. Ikipata moto inapotea. Kila mara kabla ya kutumia majimaji ya damu ya Mama, nilikuwa nikiyapasha kwanza nusu saa kwenye maji ya nyuzi hamsini na sita, kwa sababu aliyenifundisha alifanya hivyo, na aliyemfundisha yeye alifanya hivyo. Zimo protini ambazo joto hilo linaziharibu, na katika majaribio mengine kuziharibu ni jambo jema, maana zinasumbua. Lakini ni hizo hizo zinazosaidia kukipaka kimelea alama. Miezi mitatu nimefuta mchoro kwa mkono wangu, halafu naulaumu mkasi!

"Mama, nimeipika damu yako!" nikapiga kelele.

"Umeipika? Na nani kakwambia upike?"

Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Maabarani niliandaa mafungu matatu: majimaji ya Mama yaliyopashwa, ya Mama mabichi, na mabichi ya mkuu wetu, ambaye hajaumwa malaria maishani na aliudhika kidogo kuombwa damu kabla ya chai. Saa saba mchana nikainama kwenye darubini. Yaliyopashwa, usingizi ule ule. Ya mkuu, seli chache zilijikongoja. Nikaweka mabichi ya Mama.

Jamani, zilikuwa zimekula! Seli baada ya seli imeshiba, hii vimelea vinne, ile vitano. Nilihesabu mara mbili, nikamwita mkuu naye akahesabu, kisha nikacheza kati ya friji na sinki, na yeye, mzee wa tai, akanipigia makofi. Tukarudia jaribio zima alasiri ile ile na likatoka vilevile.

"Vichupa vya mama mkwe wako vibaki," akasema. "Changu unaweza kumwaga."

Nilizipiga picha seli hizo kwa simu kupitia kioo cha darubini, nikakimbia nayo nyumbani. Mama alivaa miwani, akaivuta picha kwa vidole.

"Hawa wanene ndio wangu?"

"Hapana, seli ni za mtu mwingine. Yako ni ile alama iliyovipaka vimelea. Bila hiyo zisingeviona."

"Kwa hiyo mimi nimechora, wao wamekata."

"Ndivyo hasa, Mama."

Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Kisha akagusa kona ya picha. "Hiki hapa hawajakimeza. Kesho wakumbushe."

Kitambaa kilikuwa bado mezani, kitupu, hakina mstari hata mmoja, na mteja alikuwa anakuja asubuhi. Nikaanza kuomba radhi. Mama hakunisikiliza. Alifungua kopo la kahawa, akatoa chaki, akanitia kiganjani.

"Vipimo viko kwenye daftari. Chora, mimi nitakata."

Nilichora. Mstari ulipinda kidogo karibu na kwapa. Aliuona, najua aliuona, akaufuata kwa mkasi.